Jiwe Halibanduliwi kwa Mkono

Kiangazi kikikaza huku Muleba, migomba hubaki kijani kwa ukaidi wake tu. Lakini ukikipita kibanja cha mwisho ukatokea kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi na mawe ambayo haijawahi kumlisha mtu, utadhani umehama nchi. Hakuna mti wa kukukinga jua. Hakuna maji. Ardhi inaunguza mpaka unaisikia juu ya kandambili, na upepo ukipita unapita na vumbi. Huko ndiko wanawake wanakokwenda kukata nyasi za kutandaza migombani, maana kibanja kisichotandazwa ni aibu ya mwenye nyumba. Na huko ndiko anakoishi kifutu.

Nyoka wengine wana adabu. Wakisikia kishindo wanaondoka, kila mtu na njia yake. Kifutu haondoki. Ni mfupi, mnene, ana rangi ya nyasi na ya mawe kwa pamoja, na uvivu ndio silaha yake. Atalala pale pale mpaka umkanyage, kisha akuume kana kwamba wewe ndiye uliyemfuata kitandani. Ndiyo maana wanawake wa hapa hawainui tita la nyasi lililolala chini tangu jana bila kwanza kuligeuza kwa mpini wa mundu. Binti hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa kumenya ndizi.

Hellen hakufundishwa. Alizaliwa Bukoba mjini, akaolewa na Byabato, akaja kijijini akiwa mtu mzima mwenye akili zake. Mkwewe, Judica, alimwelekeza mengi, lakini la tita likampita. Nani anakumbuka kumwambia mtu mzima jambo ambalo kila mtu analijua? Asubuhi ile ya Ijumaa Hellen aliinama, akakumbatia tita lake kwa mikono miwili, na mguu wake wa kulia ukatangulia chini yake.

Kokugonza alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko akimenya ndizi za mchana. Ana miaka sitini na minane, na magoti yanayomwambia habari za mvua kabla ya redio. Alisikia miguu ya watu njiani, ikija haraka, bila mazungumzo. Hakuhitaji kuinua macho. Watu waliobeba mtu aliyeumwa na nyoka hutembea namna yao, na njia yao huishia uani kwake.

"Ee Bwana, si leo," alisema moyoni. Haikuwa sala. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa siku moja wala wa ndizi.

Yeye ndiye mwenye jiwe. Kabla yake mwenye jiwe alikuwa mume wake, Lameki, mwinjilisti wa mtaa wa Kilutheri kwa miaka thelathini, aliyelipata kwa mzee mmoja wa misheni. Lameki alipozikwa, miaka kumi na miwili sasa, jiwe lilibaki kabatini, na watu wakaendelea kuja. Ni jeusi, jepesi, halizidi kipande cha sabuni kilichobaki mwisho wa wiki. Unachanja kidogo kwa wembe penye jeraha, damu ikitoka unaliweka juu, nalo linaganda. Mgonjwa analazwa hapo hapo, hainuliwi, hatikiswi, mpaka jiwe lishibe sumu na kudondoka lenyewe. Kisha linachemshwa kwenye maziwa, linatoa mapovu, na watu wanaoneshwa mapovu: hiyo ndiyo sumu. Sharti ni moja. Jiwe halibanduliwi kwa mkono. Likibanduliwa kabla ya kushiba, sumu yote inarudi mwilini kwa mkupuo, na aliyelibandua ndiye aliyeua.

Kila mtu kijijini anajua hivyo. Anayejua zaidi ni Kokugonza peke yake.

Mwaka ule alipofiwa, katika kufuta vumbi kabatini, alilitoa jiwe akalichemsha kwa maziwa, kulisafisha tu. Lilikuwa limekaa miezi mitano halijagusa mtu. Likatoa mapovu. Alikaa akayatazama mpaka yakaisha, kisha akachukua kipande cha mkaa jikoni, akakitumbukiza. Mkaa nao ukatoa mapovu. Akaligeuza jiwe mwangani, akaviona vitundu vyake, vitundu vya mfupa. Maziwa yale alimwaga kwenye shina la mgomba, akakaa kimya. Angemwambia nani? Kwamba mumewe, mtu wa Mungu, alihangaika miaka thelathini na kipande cha mfupa uliochomwa? Isitoshe, watu walikuwa wanapona. Wengi wao waliumwa na nyoka wasio na sumu ya kutosha kuua panya, au na kifutu aliyeuma siku ambayo hakuwa na hamu ya kutumia mali yake. Jiwe likachukua sifa ambazo zilikuwa za nyoka wapole.

"Ma Kokugonza," alisema Judica, akihema. "Tumekuletea mtoto."

Walimlaza Hellen juu ya mkeka ukumbini. Mtoto wake wa kunyonya, wa miezi tisa, alikuwa mgongoni kwa Judica, amelala kana kwamba dunia iko sawa. Mwanamke mmoja alikuwa na fimbo, na kwenye fimbo alikuwa amemning'iniza nyoka mwenyewe, kichwa kimepondwa, mwili mnene. Kokugonza alimtazama mara moja tu.

"Empiri," alisema mwenye fimbo kwa Kihaya, akitaka sifa kidogo.

"Naona," alisema Kokugonza.

Alikuwa ni kifutu, mkubwa, wala hakuwa mpole. Kwenye mguu wa Hellen palikuwa na matundu mawili, na kuzunguka matundu ngozi ilishaanza kung'aa. Kwenye kifundo alikuwa amefunga uzi wa shanga, na uzi ulishaanza kuzama.

Sasa hapa ndipo ningependa kukuambia kwamba Kokugonza alisimama akasema kweli. Hakusema. Watu kumi na tano walikuwa wanamtazama, na mikono yake ikafanya kazi iliyoizoea. Wembe, chanjo, damu, jiwe. Likaganda. Watu wakashusha pumzi wote kwa pamoja, na Judica akaketi chini akaanza kumnywesha mjukuu wake maji ya kijiko, uso umetulia. Hofu yote aliyokuja nayo alishamkabidhi mwenye jiwe.

Kokugonza alikaa kichwani kwa mgonjwa, akaushika mkono wake.

"Mae," alisema Hellen taratibu, kwa Kihaya alichojifunza ukweni. "Mguu unapasuka."

"Pole, mwanangu. Tulia."

"Nitapona?"

Kokugonza alimpangusa jasho.

Baada ya nusu saa ilibidi wakate ule uzi wa shanga kwa wembe. Shanga zikatawanyika mkekani, na wanawake wakaanza kuziokota moja moja, wakiwa wamefurahi kupata kazi ya kufanya. Saa moja ilipotimia, uvimbe ulikuwa umefika katikati ya muundi, na ngozi imeanza kuweka malengelenge yenye maji meusi. Fizi za Hellen zilikuwa zinatoa damu. Kokugonza alikuwa ameyaona hayo mara moja tu maishani mwake, kwa marehemu Kyaruzi, aliyeumwa na kifutu kabla yake.

Hapo ndipo gari liliposimama nje. Ni pikapu ya Tushar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Miembeni, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki Bukoba. Alikuwa ameleta mabati ya kanisa, hatua mia tu kutoka pale. Alivua viatu mlangoni, akaingia ukumbini na mvi zake, akatazama mguu, na uso wake ukabadilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Tushar. Karibu."

"Mabati nimeshashusha. Narudi mjini sasa hivi, gari tupu. Tumlaze nyuma, nina godoro la kufungia vioo. Hospitali dawa ya nyoka ipo, wiki iliyopita walimchoma mtu wa Kashai."

Watu wote walitazama jiwe. Lilikuwa bado limeganda.

"Tunashukuru, baba," alisema Judica kwa upole. "Lakini unaona mwenyewe. Bado halijashiba."

"Aende nalo hivyo hivyo."

"Kwa barabara hii? Litang'oka kwenye shimo la kwanza. Si bora limalize?"

Tushar hakubisha. Alizaliwa Bukoba, na babu yake aliuza vitambaa katika vijiji hivi hivi, kwa hiyo masharti ya jiwe aliyajua kama anavyojua bei ya misumari. "Nitasubiri kidogo," alisema, akaenda kusimama kwenye kivuli cha gari.

Kokugonza alimvuta Judica pembeni. "Judica. Tumpeleke."

"Na jiwe?"

"Tumpeleke tu."

Judica alimtazama kama mtu aliyesikia mchungaji akitukana. Walikuwa marafiki tangu kipaimara, walikata nyasi pamoja, walizika waume zao mwaka mmoja. "Ngoja nimpigie mume wake," alisema. "Mke ni wa kwake."

Byabato alikuwa Kemondo, bandarini, akipakia magunia. Judica aliweka simu kwenye spika, na sauti ya kijana ikajaa ukumbini, nyuma yake kelele za wapagazi.

"Mae, asitolewe hapo. Umenisikia? Jiwe limalize kazi. Mnataka mtu aje afanye kama Rugaibula?"

Jina lile lilikuwa jibu tosha. Kokugonza aliegemea ukuta.

Miaka minne iliyopita, kiangazi kama hiki, Kyaruzi aliumwa na kifutu akikusanya mawe ya msingi kule kule rweya. Alilazwa ukumbini humu, kwenye mkeka kama huu. Mdogo wake, Rugaibula, fundi wa pikipiki, alikaa naye saa mbili akitazama uvimbe ukipanda, kisha akashindwa. Alilibandua jiwe kwa vidole vyake, akamtupia Kokugonza mapajani, akamfunga kaka yake mgongoni kwa kanga, akawasha pikipiki. Kyaruzi alikata roho kabla ya Muhutwe, shavu lake likiwa begani kwa mdogo wake. Rugaibula hakujua. Aliendelea kumsemesha mpaka mjini.

Msibani watu walimjia Kokugonza. Waliuliza, je, jiwe lilikuwa limeshiba? Naye alijua kwamba Rugaibula ndiye mtu pekee aliyefanya jambo la maana siku ile, ila alichelewa, na alichelewa kwa sababu yao. Alichosema ni hiki: "Ta Lameki alituachia agizo kwamba lisiguswe." Hakuongeza neno. Hakusema uongo hata mmoja, ukitaka kumtetea. Watu wakamalizia wenyewe. Mama yao Rugaibula akamwambia mwanawe asikanyage tena nyumbani kwake, na kijana akahamia Kashai, chumba cha kupanga. Mwaka jana mama huyo alipozikwa, Rugaibula alisimama barabarani nje ya kibanja na kofia yake mkononi, na wakubwa wa ukoo hawakumwita aje kutupa udongo. Kokugonza alikuwepo. Alimwona pale barabarani, akainamisha kichwa kama mtu anayesali.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Ya kwake ilikuwa na miaka minne na leo ilikuwa imefika mpaka ukumbini kwake, ikamkalia Hellen mguuni, na kama hakuna anayeifupisha ingemzika huyu naye, na kumwachia yule mtoto wa miezi tisa maji ya kijiko.

Nimechoka, aliwaza. Nimechoka na jiwe hili.

Alirudi mkekani. Alipiga magoti, jambo ambalo kwake si dogo, akaweka vidole viwili kwenye jiwe, akalibandua. Lilikuwa limeshika. Lilitoka na ngozi kidogo, na Hellen akalia sauti moja fupi. Damu nyembamba ilianza kutiririka, isiyotaka kuganda. Kokugonza alilifunga jiwe kwenye pindo la kanga yake.



"Ma Kokugonza," alisema Judica. "Umefanya nini?"

"Nimelibandua."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Mbebeni."

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanamtazama Hellen, wakisubiri afe. Tushar, aliyekuwa amesikia kilio akarudi mlangoni, ndiye aliyeingia kwanza, akaingiza mikono yake chini ya mabega ya mgonjwa. "Mama, shika miguu," alimwambia mwenye fimbo, na yule mwanamke akaitupa fimbo pamoja na nyoka wake. Judica alibaki amesimama, mtoto mgongoni. Alipopita karibu naye, Kokugonza alisikia akisema kwa sauti ya chini, "Akifa ni wewe."

"Najua," alisema Kokugonza.

Alipanda nyuma, kwenye godoro la vioo, akauegemeza mguu wa Hellen mapajani ili usitikisike. Njia nzima alimsemesha. Alimsemesha habari za mtoto, za senene wa Novemba, za namna ya kugeuza tita kwa mpini wa mundu, na kila mara alinyamaza kidogo kumsikiliza akipumua. Alikuwa anajua sasa kwa nini Rugaibula hakuacha kuongea.

Kemondo, Byabato alikuwa kando ya barabara, vumbi la magunia mpaka kwenye nyusi. Judica alikuwa ameshampigia. Alirukia nyuma ya gari, akatazama mguu, akatafuta jiwe kwa macho, hakuliona. Hakumsalimia Kokugonza. Aliushika mkono wa mke wake, akageuza uso kuelekea ziwani, akabaki hivyo mpaka mjini.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya mtu aliyekesha. "Nani amemchanja?"

"Mimi," alisema Kokugonza.

"Na mmekaa naye muda gani kabla ya kuja?"

"Kama saa mbili."

Daktari aliandika. Hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa. Walimtundikia Hellen dawa, chupa baada ya chupa, na siku mbili hakuna aliyejua. Kokugonza alilala kwenye benchi la nje, akafua nguo, akakoroga uji, akafanya yote ambayo mama mzazi angefanya. Byabato alipita mbele yake kama anavyopita mtu mbele ya nguzo. Siku ya tatu asubuhi damu ilianza kuganda. Vidole viwili vya mguu vingekatwa, alisema daktari, pale penye chanjo nyama ilikuwa imekufa. Lakini mtu yupo. Hellen aliomba chai, akaomba aletewe mtoto.

Hapo Byabato alitoka nje, akaja moja kwa moja kwenye benchi, akapiga magoti kwa shikamoo ambayo hakuitoa siku zote tatu.

"Mae, nisamehe. Nilikufikiria vibaya. Kumbe ulijua limeshiba."

"Nani amekuambia?"

"Mama. Huko nyumbani wote wanasema. Mwenye jiwe analisikia likishiba, anaweza kulitoa hata kwa mkono. Mtu baki ndiye haruhusiwi." Alitikisa kichwa kwa mshangao wa furaha. "Yule Rugaibula angekusubiri tu uliguse wewe."

Kokugonza alimtazama. Siku tatu tu, na kijiji kilikuwa kimeshalishona sharti pale lilipochanika. Jiwe lilikuwa salama. Lameki alikuwa salama kaburini kwake. Yeye angerudi nyumbani apokewe kwa ndizi na kahawa, na sharti jipya lingekaa juu ya la zamani kama lilikuwepo siku zote. Kilichotakiwa kwake ni kunyamaza, na kunyamaza alikuwa na uzoefu nako. Mungu wangu, ilikuwa rahisi kiasi gani. Alihisi usingizi ukimshuka palepale kwenye benchi.

"Kaa na mkeo," alisema. "Mimi nina mtu wa kumwona Kashai."

Alichukua bodaboda, akashuka penye maduka madogo, akauliza kwa fundi Rugaibula. Walimwonesha kibanda cha mabati chenye pikipiki tatu zilizofunguliwa. Rugaibula alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu, mikono myeusi kwa oili. Hakuwa amefika miaka arobaini, lakini mgongo wake ulikuwa wa mzee. Alimwona, akasimama polepole.

"Shikamoo, mae."

"Marahaba, mwanangu."

Alimpangusia ndoo kwa kitambaa, akaigeuza, akamkalisha. Hakuuliza kilichomleta. Mtu aliyefukuzwa kwao hujifunza kutouliza.

"Mke wa Byabato aliumwa na kifutu," alisema Kokugonza. "Niliweka jiwe. Halafu nikalibandua kwa mkono nikamleta hospitali. Amepona."

"Nimesikia. Wanasema lilikuwa limeshiba."

"Halikuwa limeshiba. Halijawahi kushiba." Alifungua pindo la kanga, akalitoa, akampa. "Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, Rugaibula. Hauvuti kitu. Kaka yako hakufa kwa sababu ulilibandua. Alikufa kwa sababu nilimlaza saa mbili ukumbini kwangu. Ungekuja naye mjini tangu mwanzo, labda angekuwepo."

Rugaibula alilipokea kwenye kiganja chenye oili. Alilipima uzito, akaligeuza. Alilikwaruza kwa bisibisi, na chini ya weusi kukatokea weupe wenye vitundu vidogo, kama ule unaouona kwenye supu. Alikaa chini, si juu ya kitu, bali chini kabisa, kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu.

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema juzi. Hakuna duniani ambaye angemkatalia.

"Kabla ya Kyaruzi," alisema. "Tangu mwaka aliokufa mume wangu."

Pikipiki zilipita barabarani. Mteja mmoja alichungulia kibandani, akaona nyuso zao, akaondoka.

"Mama yangu," alisema Rugaibula. "Mama aliugua miezi minne. Nilikuwa namtumia dawa kwa mikono ya watu. Alikuwa anauliza imetoka kwa nani, wakimwambia ni mimi, hainywi." Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu vipuri. "Aliondoka akijua nimemuua Kyaruzi."

"Ndiyo."

"Na ulikuwepo siku ya maziko. Nilikuona."

"Nilikuwepo. Na mimi nilikuona."

Kokugonza hakuomba msamaha. Alikuwa amelibeba neno hilo tangu hospitalini, na alipofika akaona ni dogo mno, ingekuwa ni kumpa mwenye njaa ganda la ndizi. Alikaa tu juu ya ndoo, magoti yanamuuma, akisubiri afukuzwe. Angefukuzwa angeelewa.

Rugaibula alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Alitoa simu mfukoni, akatafuta jina, akalitazama kwa muda. Kisha akabonyeza, akaweka spika.

"Shikamoo, tata," alisema iliposhikwa. Ilikuwa sauti ya baba yake mdogo, Mushumbusi, mkubwa wa ukoo, mmoja wa wale waliomwacha barabarani siku ya maziko. Upande wa pili walisikika watu wakiongea, maana ilikuwa Jumapili, na watu walikuwa wametoka kanisani.

"Unataka nini?" ilisema sauti.

"Mimi sitaki kitu, tata. Uko na watu hapo?"

"Niko nao."

"Usiwaache waondoke. Kuna mtu anataka kusema nao."

Aliinyoosha simu. Kokugonza aliipokea kwa mikono miwili. Rugaibula alimgeuzia mgongo, akachukua spana, akaiweka kwenye nati ya gurudumu. Lakini hakuizungusha. Alibaki ameishika hivyo, kichwa kimeinama, akisikiliza.

"Ni mimi," alisema Kokugonza. "Ni mimi Kokugonza, mwenye jiwe. Niwekee sauti juu, Mushumbusi, wote wasikie."